Barua ya Wazi kwa Idara ya Vifo na Ufufuo wa Masteringi

Kwa Mkurugenzi wa Vifo na Ufufuo,
Makampuni ya Katuni za Mashujaa,
New York na Burbank, Marekani.

YAH: MAOMBI YA KUREJESHEWA RAMBIRAMBI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yenu mnaofiwa kila mwaka. Dhumuni la barua hii ni kudai maandazi mawili.

Mheshimiwa, Novemba 1992 mlimuua Superman katika toleo namba 75. Nakala ya wakusanyaji mliifunga kwenye mfuko mweusi wenye nembo yake ikivuja damu, na ndani mkatia tanzia ya gazetini pamoja na kitambaa cheusi cha kufunga mkononi. Wamarekani wengi walinunua mbili-mbili, tatu-tatu, wakazificha bila kuzifungua, wakingoja zipande bei. Mpaka leo wanangoja. Yangu ililetwa miezi kadhaa baadaye na binamu yangu baharia, nami niliichana kwa meno palepale mlangoni.

Kesho yake nikaenda shule na kitambaa mkononi. Mwalimu wa zamu akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia. Alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Lakini darasani mlikuwa na watoto waliolelewa: saa nne nilikuta maandazi mawili juu ya dawati langu, yamefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, na jirani yangu akanishika mkono akaniambia pole, kazi ya Mungu haina makosa.

Kumbe ilikuwa kazi yenu. Wakati mimi natafuna rambirambi, marehemu yuko njiani anarudi! Kwanza wakajitokeza wanne, kila mmoja akidai yeye ndiye, kama mirathi ya nyumba ya Kariakoo: mmoja nusu chuma, mwingine kijana mdogo mwenye koti la ngozi, na hao wawili waliobaki sina nguvu ya kuwaeleza. Halafu, mwaka 1993 haujaisha, akarudi mwenyewe, nywele zimemfika mabegani, utadhani alikuwa Ulaya.

Msinielewe vibaya. Sisi wa mabanda ya video tulijua tangu utotoni kwamba steringi hafi. Angepigwa risasi, angetupwa mtoni, tulikaa kwenye benchi tukisubiri ainuke, na akiinuka tulishangilia. Ila mwenye banda alitutoza kiingilio tu, hakututoza ubani.

Nyinyi mmeigeuza kuwa kazi ya kudumu. Jean Grey alifariki 1980, akarejea 1986. Captain America mlimzika 2007, mkamfukua 2009. Wolverine 2014, akaonekana tena 2017. Johnny Storm ndiye aliyenichosha kabisa: kafa Januari 2011, Novemba hiyohiyo yuko nyumbani kwao, hata hitima ya mwaka haijasomwa. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo, mmoja wenu akachukua majarida 52 na kuyaanzisha upya yote kwa namba 1, kama mwanafunzi anayerudia darasa la kwanza ili ashike nafasi ya kwanza.

Na bei je? Superman alipoingia dukani 1938, senti 10 zilikupa kurasa 64. Leo natakiwa kutoa karibu dola 4 au 5 kwa hadithi ya kurasa ishirini na kitu, na nusu yake ni watu wanagongana vifua angani.

Marehemu mmoja tu mmemheshimu, naye ni Ben, aliyemlea Peter, yaani Spider-Man. Vitabu vinamwita mjomba, lakini ni kaka mkubwa wa baba yake Peter, kwa hiyo kwetu ni baba mkubwa, na mngejua hivyo mngemlilia vizuri zaidi. Aliuawa Agosti 1962 na bado amelala. Nashuku ni kwa sababu mzee yule asiye na mavazi ya kubana hauziki.

Basi nimehamia katuni za aina nyingine. Nilikohamia, mtu akifa amekufa. Mwaka uleule wa 1992 mliposhona sanda ya Superman, Art Spiegelman alipewa tuzo ya Pulitzer kwa Maus, masimulizi ya baba yake aliyenusurika Auschwitz, Wayahudi wakichorwa panya na Wanazi paka. Kaka yake Art, aliyekufa mtoto wakati wa vita, hakutokea toleo lililofuata. Alibaki picha ukutani, chumbani mwa wazazi.

Kisha nikaazimwa Persepolis ya Marjane Satrapi (sijairudisha, mwenyewe anisamehe). Humo yumo Anoosh, ami yake Marjane, aliyefinyanga bata maji kwa mkate akiwa gerezani. Anakamatwa tena baada ya mapinduzi ya Iran, anaruhusiwa mgeni mmoja tu, anamchagua yule mtoto. Anampa bata mwingine wa mkate. Halafu wanamuua. Nilifungua ukurasa unaofuata kwa mazoea, nikitafuta wale warithi wanne. Hakuna aliyekuja.

Siku hizi nikitaka kucheka namsoma Aya, wa Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, kule Yopougon, Abidjan. Hakuna anayeruka. Watu wanakwenda dansi, wanadaiwa, wanatafuta mwenye mimba. Kama mtaani kwetu, na hata Lodi Lofa wa gazeti la Sani angepata chumba pale siku hiyohiyo, kodi angelipa akipata.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, narudia ombi: maandazi mawili, ya iliki, pamoja na riba ya miaka yote hii. Tafadhali yasiletwe ndani ya mfuko mweusi.

Wako katika matanga yasiyoanuliwa,
Mfiwa.

Nakala: Marehemu Ben Parker, Queens, New York. Kwa taarifa tu, asiamshwe.