Koti la Studio, Mara Kumi

Mgeni akiingia nyumba ya watu huku kwetu, kabla chai haijachemka hupewa albamu. Haiombi. Hupewa ili atulie kitini wakati mtoto ametumwa sukari kwa jirani kupitia mlango wa nyuma. Atafunua ubatizo, harusi, mtu asiyejulikana aliyesimama mbele ya ukuta uliochorwa ndege ya abiria, harusi tena, mazishi, na mtoto mchanga aliyekalishwa ndani ya beseni. Nusu ya picha zimegandana na ile plastiki, na ukithubutu kubandua moja utabaki na mkono wa shangazi ya watu. Simu zimeiua adabu hiyo. Ndiyo maana wageni wa siku hizi wanajua sukari ilikuwa imekwisha.

Kamati ya utamaduni ya Sagalla ilipokaa kuamua gari letu lipambwe vipi kwa gwaride la Voi, Sikukuu ya Mashujaa, wazo la albamu halikupata mpinzani. Aliyelileta ni binti mmoja aliyewahi kuishi Marekani. Alieleza kwamba kule watu wazima, wenye kazi zao na akili zao timamu, hununua karatasi za maua, utepe, vifungo na mikasi yenye meno, wakashinda Jumamosi nzima wakibandika picha, tiketi za basi na majani makavu kwenye vitabu vinene, na kwamba shughuli hiyo ina maduka yake maalumu. Wazee walimsikiliza kwa huruma. Kisha akasema: nasi tufanye hivyo, lakini kila kitu kikuzwe mara kumi, na kitabu chenyewe kiwe lori.

Mwenyekiti akageuka akanitazama.

Mimi ni mchoraji wa mabango mjini Voi. Vichwa vya kinyozi, ng'ombe wa duka la dawa za mifugo, kuku mzima kwenye ukuta wa hoteli ambayo jikoni kwake hamna kuku: hizo zote ni kazi za mkono wangu. Ukubwa haunitishi. Isitoshe Pwani yetu imezoea vitu vikubwa vya uongo. Pale Moi Avenue, Mombasa, pembe za alumini zimepita juu ya barabara tangu miaka ya 1950, watu wanapiga picha chini yake, na hakuna aliyewahi kuuliza mwenyewe ndovu alikwenda wapi.

Binti akatuonyesha kwenye simu magari ya gwaride la Pasadena, California, yanayopita karibu kila Mwaka Mpya tangu 1890. Sheria ya kule ni kwamba gari lote lifunikwe kwa vitu vya mimea: maua, mbegu, maganda, majani. Ni mazuri mno. Lakini gari la namna ile lisingefika Voi kutoka Sagalla. Mbuzi wa njiani wangelimaliza kabla halijapita shule ya kwanza.

Ubishi wa mwanzo ulikuwa ukurasa wa kwanza awekwe nani. Waliosoma sana walimtaka mmisionari Johannes Rebmann, aliyepita nchi ya Wataita mwaka 1848 akielekea kwa Wachaga na tarehe 11 Mei akauona weupe juu ya Kilimanjaro. Wenye kanisa walimtaka J. A. Wray wa shirika la misheni la CMS, aliyekuja kukaa hapa hapa Sagalla mwaka 1883. Mzee mmoja aliyekuwa amefumba macho muda wote, tukidhani amelala, akayafumbua.

“Mgeni hawekwi ukurasa wa kwanza,” akasema. “Mgeni hupewa albamu.”

Likaisha. Wageni wakaenda ukurasa wa nyuma, upande wa bomba la moshi.

Gundi tulipika wenyewe, uji mzito wa unga wa muhogo, kwa sababu bei ya gundi ya hadwea ukiizidisha mara kumi nayo inakuwa mara kumi. Uji wa muhogo unashika vizuri sana. Unanukia vizuri pia, na hilo ndilo lililozua balaa la Kilimanjaro. Tulikuwa tumeusimamisha mlima kwa magunia na waya, kilele tukakipaka uji mzito na vipande vya karatasi nyeupe, tukauacha juani ukauke. Tuliporudi kutoka kunywa chai tulimkuta beberu amepanda juu ya pipa, anailamba theluji kwa utulivu, na Kibo imebaki gunia tupu. Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, mabwana wa jiografia wa London walimbishia kwa miaka. Mkali wao, William Desborough Cooley, alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika. Laiti wangekuwa na shahidi mwenye mate ya theluji kidevuni kama sisi! Kilele tulikitengeneza upya kwa chokaa, na yule beberu alikuja, akaonja, akatuangalia vibaya.

Vitu vidogo vya albamu ndivyo vilivyonipa raha. Tiketi ya gari moshi, ile ya zamani ya karatasi ngumu, tuliikata kutoka katoni ya friji, na tundu lililotobolewa na mkaguzi likaangukia sawasawa mahali pa dirisha la utingo, akawa anachungulia Voi nzima kutokea daraja la tatu. Kifungo cha shati kilikuwa sinia. Vijana walilitoboa matundu manne kwa drili, wakapitisha kamba ya mkonge, na lilipendeza kweli, mpaka mwenye sinia alipokuja.

“Nani amenitobolea sinia langu?”

“Mama, ni kifungo.”

“Pilau ya arusi ya Desemba mtaniwekea kwenye kifungo?”

Kamati ilimlipa. Mweka hazina aliandika kwenye daftari, “kifungo, kimoja,” na mbele yake bei ambayo mkaguzi yeyote wa hesabu angeiomba maelezo.

Halafu kuna yule mnyama. Sagalla tuna kiumbe ambaye hapatikani popote pengine duniani, ni kilima hiki tu. Wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 2005, Boulengerula niedeni, naye ni sesilia: jamaa wa vyura, ila hana miguu, na maisha yake yote yamo udongoni. Ukimfukua shambani kwa jembe utadhani ni mnyoo aliyelishwa vizuri. Yuko hatarini kutoweka, na kamati ilisema kwa kauli moja kwamba lazima apandishwe garini. Sawa. Lakini mnyoo ukimkuza mara kumi hapati ukubwa tu, anapata na sifa nyingine. Yule tuliyemshona kwa magunia na kumjaza majani makavu alipita mita 2, akapakwa hudhurungi yenye wekundu kidogo, akalazwa juu ya kichwa cha lori mkia ukining'inia upande wa dereva. Dereva aliomba nyongeza.

Kilichotuchelewesha hasa ni picha za wazee. Kila ukoo ulileta moja. Zilikuwa picha za studio za zamani, nyeusi na nyeupe, ndogo za kukaa kiganjani, nyingine zimetafunwa na mende pembeni. Picha ndogo inasamehe mengi. Bibi mmoja aliyekuja kuona yake, ya alipokuwa mama mwenye watoto wanne, alisimama mbele ya plaiwudi kwa muda.

“Fundi, na makunyanzi umeyakuza?”

“Bibi, kamati ilisema kila kitu.”

“Basi na ujana ungeukuza.”

Sisi wachoraji hukuza picha kwa miraba. Unachora miraba midogo juu ya picha, miraba mikubwa kwenye ubao, unahamisha mraba mmoja mmoja. Kwa njia hiyo mkono unakariri, na mkono wangu ulianza kuniambia jambo. Nilikuwa namchora mtu yule yule kuanzia shingoni. Koti la mistari, kola pana. Kifungo cha pili kutoka juu kimemeguka nusu. Mfukoni kalamu mbili, moja ina kifuniko, nyingine haina. Nikazipanga picha zote mezani. Wazee sita wa koo sita, waliopigwa picha miaka tofauti, mmoja mnene hata koti halimfungiki, mmoja mwembamba hata linamzunguka, na wote kifungo cha pili kimemeguka. Hata saa ya mkononi ilikuwa ni moja, na kwa wote sita ilikuwa saa tano kasorobo.

Mwenye umri wangu anajua. Studio zilikuwa na koti lao limetundikwa nyuma ya pazia. Mtu alitoka shambani na shati lake, akavishwa, akapigwa, akalivua likiwa bado lina joto, akavaa anayefuata. Kwenye kiganja hakuna anayeliona. Kwenye ubao wa futi nane koti lile lilikuwa limesimama pande zote za lori likitutazama.

Nilidhani watu watacheka. Baadhi walicheka. Lakini picha ya sita ilikuwa na matatizo yake: mende walikuwa wamepita usoni, jina la nyuma limefutika, na koo mbili zilisema huyo ni wao. Upande mmoja ulimtambua kwa masikio. Upande wa pili ulimtambua kwa koti.

“Babu alikuwa karani,” akasema msemaji wao. “Hizo kalamu ni zake.”

Nikamweleza taratibu habari ya koti la studio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Basi studio iliazima kwake.”

Toka hapo sikupata usingizi wa mchana. Wa masikio wakija wanataka masikio yaongezwe, wakiondoka wa koti wanafika wanataka yapunguzwe na pua ichongoke. Nilimaliza uso ule kwa kuwapa kila mtu alichoomba, na hakuna binadamu aliyewahi kufanana naye, jambo ambalo naona lilikuwa haki kwa pande zote.

Siku yenyewe tulishuka polepole tangu alfajiri. Kizuizini askari alitusimamisha, akazunguka lori mara moja, akasimama chini ya ule mkia.

“Nyoka huyu mmempata wapi?”

“Si nyoka, afande. Ni jamaa wa chura.”

“Chura.”

“Ndiyo, afande.”

“Miguu iko wapi?”

“Hana. Alizaliwa hivyo.”

Akatutazama, akalitazama lori, akamtazama mzee wa futi nane mwenye masikio yale, akatupisha. Nadhani aliona karatasi za kuandika kesi hiyo zisingetosha.

Sasa, nyuki. Sagalla ya chini inapakana na nchi ya ndovu wa Tsavo, na watu wa huko wamelala macho makavu miaka mingi wakilinda mahindi. Dkt. Lucy King na shirika la Save the Elephants walileta uzio wa mizinga. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba, umbali wa kama mita 10, ikaunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anaondoka na familia yake. Hata sauti tu ya nyuki, ikichezwa kwenye spika, inamtoa mbio. Ninachokipenda mimi, kwa jicho la fundi, ni kwamba kati ya mzinga na mzinga huwekwa wa uongo, wa plaiwudi tupu. Ndovu hakagui.

Kina mama wa asali walitaka ukurasa wao, na ndovu wetu alitakiwa atembee nyuma ya lori: vijana wawili ndani ya magunia ya kijivu, mkonga wa bomba la maji. Chupa kubwa ya asali niliichora mwenyewe, rangi ya dhahabu, tamu kuitazama. Sijui ni nani kati yao aliyeona rangi haitoshi, akabandika masega ya kweli usiku. Tulipokuwa kwenye foleni Voi jua la Oktoba likipiga, magari mengine yakijipanga mbele yetu, masega yakaanza kutiririka. Nyuki wa kwanza hakuna aliyemjali. Wa pili naye. Halafu hewa ikabadilika sauti.

Ndovu alikimbia. Nusu ya mbele ilishika njia ya stendi, nusu ya nyuma ikaelekea sokoni, na gunia la katikati lilivutwa mpaka likatatuka. Umati ulipiga makofi kwa shangwe, ukidhani ni onyesho. Mwenye kipaza sauti, aliyekuwa mbali na asiyejua lolote, akatangaza kwamba watu wa Sagalla wanatuonyesha namna ya kuishi na wanyamapori kwa amani. Utingo alijaribu kufunga dirisha, akakumbuka kwamba ni tundu la tiketi.

Tulipata zawadi ya pili. Wa kwanza walikuwa watu wa ngoma, na sina ubishi nao. Mtu anayepiga ngoma hahitaji chokaa wala mbuzi.

Lori lilipakuliwa jioni ile ile kwa sababu kesho yake lilikuwa na safari ya mchanga. Sesilia alichukuliwa na jirani mwenye shamba la mahindi, na nasikia nyani wanapita mbali. Sinia lilirudi kwa mwenyewe, matundu na yote, ingawa alikwisha kulipwa. Kila ukoo ukaja na mkokoteni wake kumchukua mzee wake, na kwa ubao wa sita ikafika mikokoteni miwili.

Walibishana mpaka magharibi ikaingia. Mwenyekiti akaomba msumeno. Akapima kwa kamba, akapitisha mstari shingoni, chini kidogo ya kidevu, akakata. Wa masikio wakapakia kichwa wakifurahi kwamba wamepata mtu mwenyewe, wale wengine wamebebeshwa nguo. Wa koti wakapakia koti na kalamu zake mbili, wakinong'onezana kwamba wale wajinga wamekwenda na sura ya kubuni ya fundi wa vinyozi, na kumwachia karani ofisi yake nzima.