Spika Imesema, Nani Abishe?

Wanaoilaumu grosari yetu ya Nkende kwa sababu ya muziki hawana shukrani. Zamani wazee wa Kikurya walizunguka chungu kimoja cha pombe, kila mmoja na mrija wake, wakapoteza jioni nzima wakizungumza. Hasara tupu! Leo spika mbili ndefu kuliko mhudumu zimetuondolea usumbufu huo. Mdai anafumbua mdomo, mdaiwa anatikisa kichwa kufuata mdundo, deni la ng'ombe linasogea hadi Krismasi. Ukiagiza Serengeti ya baridi unaletewa Kilimanjaro ya moto. Mbuga, mlima, si vyote vya Tanzania? Sheria ya Vileo ya 1968 nayo ilitaja saa ya kufunga, ila haikusikika. Chenji? Ongeza sauti, mzee.