Sera Imeshuka Stesheni Gani?

Kontena likitoka Dar es Salaam kwenda Kigali, Isaka linafika kwa treni. Linashushwa bandari kavu, linapandishwa lori, na madereva wanamaliza chai yao wakaondoka nalo. Sera ya Taifa ya Wazee nayo ilipakiwa mwaka 2003, ikiwa na ahadi ya matibabu bila malipo. Miaka zaidi ya 20 sasa. Labda ilishukia Tabora kula wali kuku.

Nisiseme uongo, vipande vyake vimefika. Kwenye kituo kimoja cha afya nilikompeleka bibi yangu, dirisha la wazee lipo, na juu yake wameandika kwa rangi nyekundu: MPISHE MZEE KWANZA. Bibi akapishwa vizuri sana. Nyuma ya dirisha palikuwa na ndoo, fagio na maboksi matupu ya glavu. Mhudumu wa dirisha la pili akatuita.

"Shikamoo, bibi. Kitambulisho cha mzee unacho?"

"Marahaba. Mjukuu wangu, uzee wenyewe si huu hapa?"

"Sawa bibi, ila nahitaji ushahidi. Ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa nzige."

Kijana akaitazama fomu. Nafasi ya nzige haikuwemo. Basi akamwonea huruma, akamwandikia miaka 60 kamili, mdogo kuliko mwanawe wa kwanza.

Daktari akampima bure, akamsikiliza bure. Dawa zimeisha, mkanunue duka la nje. Cheti cha dawa, hata hivyo, hatukulipia.