Mukeke Mgonjwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kamusi. Nililelewa kwa Kirundi, nikachapwa viboko kwa Kifaransa, na Kiswahili nikakiokota mwaloni hapa Minago, ambako bei ya samaki haishuki mpaka uikemee kwa Kiswahili. Sheria ya mwaka 2014 ilipokifanya Kiingereza nacho kuwa lugha rasmi ya Burundi, nikaona huyu mgeni asinipite mlangoni. Nikapata kamusi ya mtumba, jalada limeng'oka, kurasa za X hadi Z zimeliwa na panya. Kwa hiyo nikijigamba kwamba najua Kiingereza, toa herufi hizo tatu.

Mwaka jana akaja mpwa wangu. Dada yangu aliolewa katika zile familia zilizokimbilia Tanzania mwaka 1972. Marekani ilipowapokea maelfu ya wakimbizi hao mwishoni mwa miaka ya 2000, wao wakaangukia Arizona. Watu wa ziwa, wakapelekwa jangwani! Kijana amekulia huko. Kirundi chake kimebaki salamu na matusi, Kiswahili chake kinatoka tone kwa tone. Mimi moyoni nikafurahi: mkalimani amepata kazi.

Asubuhi nikampeleka mwaloni. Akaiona Apollo, ile mitumbwi iliyofungwa pamoja, yenye injini, wavu mpana na taa za kuwavuta dagaa, sisi tunawaita ndagala. Sijui nani aliyeipa jina hilo. Najua tu kwamba ya Wamarekani ilifika mwezini mwaka 1969, na hii yetu mwezi ukiwa mpevu inalala nchi kavu, kwa sababu ndagala hawaijali taa mbele ya mbalamwezi.

"Cool!" akasema kijana.

Kamusi yangu inasema neno hilo ni baridi. Nikavua koti langu nikamvika. Akalivaa kwa adabu, jua la saa nne likimpiga utosini, jasho likimfika kidevuni, naye anasema asante mjomba, asante mjomba.

Tukafika kwa mama mmoja mwenye beseni la mukeke, samaki ambaye ukivuka hadi Kigoma unamkuta anaitwa mgebuka. Walikuwa wabichi, wanang'aa kama visu vipya. Kijana akainama, macho yakamtoka.

"Mjomba, this is sick!"

Nikanyamaza. Mama akanikazia macho: "Anasemaje mgeni wako?"

Sasa mkalimani anayenyamaza anakula mshahara wa nini? Nikasema, "Mama, unisamehe. Anasema samaki huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa! Mukeke wa alfajiri ya leo? Anaumwa nini, malaria?"

Wenzake wakasogea. Mteja aliyekwisha kulipa akarudisha samaki wake beseni­ni, akadai pesa. Kijana kuona umati unakua akadhani wote wanashangilia pamoja naye. Akarudia kwa sauti, "So sick!" na kuinua kidole gumba.

"Na anafurahia!" mama akapiga makofi ya uchungu.

Nikamvuta mpwa wangu pembeni. Kumbe kwao vijana kitu kikiwa kizuri kupita kiasi ndipo huitwa kigonjwa. Nilitaka kumgombeza, nikajikumbuka: sisi wimbo ukitukuna tunasema ni mkali, mchezaji akifunga mabao tunasema ni balaa, ni noma. Kumlaza hospitali tu ndiko tulikuwa hatujafika.

Kijana akamgeukia mama, mkono kifuani: "My bad."

"Anasemaje tena?"

"Anasema ubaya ni wake."

"Hapo kasema kweli," mama akajibu. Nikanunua beseni zima, wagonjwa wote, kwa bei yake yeye. Siku hiyo sikuikemea.

Ungedhani nimekoma. Jioni, tumeshiba mukeke wa kuchoma, kijana akatoka chumbani uso umemshuka: "Mjomba, Safari yangu imekufa."

Alikuwa aende Bujumbura kesho yake. Mvua zilikuwa nyingi, nami naijua barabara yetu ya kando ya ziwa, mlima unavyoweza kuimwagikia. Sikuuliza. Nikatoka na tochi, nikamwamsha dereva wa Probox, nikambembeleza, nikaacha arbuni, nikarudi nimelowa: "Usiogope, baba. Saa kumi na moja alfajiri unaondoka."

"Kwenda wapi?"

Akanionyesha simu. Safari ni programu ya kufungulia intaneti, ina picha ya dira. Haikuwa imekufa, yeye ndiye aliyeishiwa mega. Nikaketi. Neno lile tuliliazima kwa Waarabu tukalizoea mpaka likawa letu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyelifikia ziwa hili Februari 1858, ni miongoni mwa waliolitia katika Kiingereza. Sasa limerudi Minago mfukoni mwa mtoto wa dada yangu, na mtoto mwenyewe ananiuliza, "Mjomba, kumbe safari ni Kiswahili?"

Arbuni ya dereva haikurudi. Na yule mama, kila nikipita mwaloni, huniita mbele za watu: "Mkalimani! Leo samaki wameamkaje?"