Serikali Kiganjani, Sheha Barazani

Siku hizi serikali haikai ofisini, imehamia kiganjani. Zanzibar tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao, na mwananchi haambiwi tena "njoo kesho". Anaambiwa "jaribu tena baadaye". Maendeleo hayo.

Juzi mzee mmoja wa Konde, Pemba, alitakiwa ajaze fomu mtandaoni. Simu yake ni ya kitochi, basi akapanda gari hadi Chake Chake, kwa kijana wa fotokopi. Kijana akabofya, akabofya, kisha akainua uso: "Babu, hapa wanataka barua ya sheha."

Mzee akarudi Konde. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwao, yuko barazani, kete za bao mkononi. Akaandika, akaupulizia muhuri pumzi mbili, akagonga. Mzee akapanda tena gari, kijana akaipiga picha barua, akaipakia. Mtandao Pemba umefika, ila unatembea kwa nauli ya mzee.

Wakubwa serikalini wanasema mtandao umeletwa ili tusikilizwe. Kweli tupu, ila siku ya kusema huwa unapatwa na kikohozi. Uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao ya kijamii ilibanwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura, intaneti ikazimwa, ikarudi siku kadhaa baadaye.

Sheha wetu, tangu aanze kazi, hajazimwa hata dakika moja. Labda ndiyo maana bado wanamtaka kwenye fomu.