Duara la Kijani

Skrini ya muhtasari wa vifaa katika Microsoft Intune, programu ya kusimamia kompyuta za kazini, ina duara la kijani la vifaa vilivyotimiza masharti, ambalo wakubwa hulipenda kuliko ripoti yoyote, kwa kuwa halisomwi, hutazamwa tu. Lakini kompyuta isiyopangiwa sera hata moja ya masharti hayo, kwa mpangilio wa awali wa programu hiyo, huhesabiwa kuwa imetimiza masharti. Haikuulizwa swali, ikafaulu mtihani! Nayo laptopu iliyozimwa na kufungiwa kabatini huendelea na hadhi yake njema hadi siku 30, mpaka mfumo uchoke kuisubiri. Safu ya tarehe ya mawasiliano ya mwisho ndiyo inayosema kweli, ila kwa bahati mbaya haina rangi.

Mafundi watajibu kwamba mpangilio huo hubadilishwa kwa dakika moja tu, na hawakosei. Ila ukiubadilisha, duara huanza kuiva wekundu asubuhi ya kikao, na anayeitwa kujieleza si kompyuta. Wengine watasema afadhali duara hilo kuliko kuorodhesha vifaa kwa mkono kwenye daftari la stoo. Sawa, ila daftari la stoo mkaguzi hulifungua akiwa tayari amekunja uso.