Fadhila za Tela la Kukunja Jirani na Kasri

Desturi ya kusifu imezoea kupanda ngazi: kasida humwendea mtukufu, majigambo humwendea shujaa, na tumbuizo humwendea bibi harusi, wala si kawaida mtunzi kuinamisha kalamu yake mbele ya kitu ambacho hata mwenye nacho hukificha uani ili majirani wasikione. Hata hivyo upo utanzu wa kale unaoweza kuitwa sifa za kinyume, yaani utungo unaoazima fahari yote ya lugha ya kutukuza na kukivika kitu duni au chenye kero, ili msomaji acheke kwanza na baadaye ajiulize kama kweli alikuwa na sababu ya kucheka. Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi; Erasmus wa Rotterdam alichapisha mwaka 1511 kitabu ambamo Upumbavu unapanda mimbarani na kujimwagia sifa wenyewe. Katika ukoo huo wa nzi na upumbavu, tela la kukunja lina haki ya kupewa kigoda chake, hasa pale linapopelekwa kupiga kambi jirani na bustani kubwa za burudani za Marekani.

Tela la kukunja ni sanduku la magurudumu mawili linalofungwa nyuma ya gari la familia, ambalo likiwa barabarani halizidi sana kimo cha kifua cha mtu mzima, na likifika kambini hunyanyuliwa paa kwa kuzungusha mpini wa chuma unaovuta nyaya zilizofichwa ndani ya bodi. Kisha vitanda viwili huvutwa nje kama droo za kabati, kimoja mbele na kingine nyuma, na kuta za turubai hutanuka juu yake. Jimbo la Indiana ndilo karakana kuu ya vyombo vya aina hii, na ni huko, katika mji wa Middlebury, ambako Lloyd Bontrager alianzisha kampuni ya Jayco mwaka 1968 akitengeneza matela ya kukunja katika mabanda ya kuku na ghala la shamba lake. Nasaba ya farasi wa mbio huhesabiwa kwa mababu waliotwaa vikombe; nasaba ya tela hili imepitia bandani mwa kuku, na mtu yeyote aliyewahi kulala ndani yake watu sita wakati wa mvua atakiri kwamba halijaikana asili yake.

Makao yake ya heshima kuliko yote ni Fort Wilderness, kambi iliyomo ndani ya Walt Disney World huko Florida, iliyofunguliwa Novemba 1971, wiki chache tu baada ya bustani mama, Magic Kingdom, kufungua milango yake tarehe 1 Oktoba. Bustani ya namna hiyo si uwanja wa bembea tu, kwa sababu ndani ya uzio wake majengo, michezo, mavazi ya watumishi na hata vyakula vimepangwa vifuate visa maalumu, hivi kwamba mgeni hujiona ameingia hadithini. Kambi yenyewe imeenea katika takriban hekta 300 za msitu kando ya Bay Lake, na mashua huwavusha wageni kutoka gati lake hadi kwenye malango ya ufalme huo. Hapo tela lililonunuliwa mkono wa pili, lenye kiraka ubavuni, hulala usiku kucha katika milki ileile yenye hoteli za kifahari, na asubuhi wenye nalo hupanda mashua wakiwa na tiketi zilezile walizonazo waliolala kwenye mashuka ya hariri.

Mlinganisho wa kasri na tela ndio unaodhihirisha ubora wa tela. Kasri la Cinderella, lililomo ndani ya Magic Kingdom na linaloonekana kwenye kila kadi ya posta, lina urefu wa futi 189, yaani karibu meta 58, na sehemu zake za juu zimejengwa kwa vipimo vinavyozidi kupungua kadiri zinavyopanda, ili jicho la aliye chini lidanganyike na kuliona refu kuliko lilivyo. Mawe yake yanayoonekana si mawe, kwa kuwa ni chuma, zege na fibaglasi vilivyopakwa rangi. Ndani yake kimo chumba cha kulala cha kifalme ambacho hakipangishwi kwa bei yoyote, bali hutolewa kama zawadi kwa wachache waliobahatika. Tela halijui hila hizo. Linapovutwa barabarani huonekana dogo, na likifunguliwa hubaki dogo, turubai yake ni turubai, na chumba chake cha kulala humpokea yeyote, akiwemo mjomba ambaye hakualikwa.

Wahenga waliposema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, ni kana kwamba walilitabiri tela la kukunja, ila hawakutaja kwamba kabla ya kuingia ndani kuna kazi ya nusu saa. Katika matela mengi mlango wenyewe husafiri ukiwa umening'inizwa darini, na lazima ushushwe na kupachikwa mahali pake ndipo nyumba ipate sura ya nyumba. Mpangilio wa kazi hauna mjadala: magurudumu huzuiwa kwa vigingi, tela husawazishwa, jeki za pembeni hushushwa, paa hunyanyuliwa, vitanda huvutwa na kuegemezwa kwenye miti yake ya chuma, na ole wake anayeruka hatua, kwa maana mtu mnene akikaa kwenye kitanda ambacho miti yake haijawekwa hushuka pamoja na godoro na ubavu wa tela hunyanyuka kumsindikiza. Vyuo vingi hufundisha mantiki kwa miaka mitatu. Tela huifundisha kwa alasiri moja, na mtihani wake hausahihishwi kwa kalamu.

Somo la unyenyekevu nalo huanza mapema zaidi, wakati wa kulirudisha tela nyuma ili liingie kwenye nafasi yake kati ya miti miwili. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na kuvuta tela kwenda mbele ndiko huko kupanda, kwa sababu maelfu ya kilomita za barabara kuu hupita bila dereva kukumbuka kwamba ana kitu nyuma. Ngoma huanza anapoweka gia ya kurudi. Usukani ukikatwa kulia, tela huelekea kushoto, na tela fupi ni jeuri kuliko refu, kwa kuwa umbali mdogo kati ya kiungo cha kulivutia na magurudumu yake hulifanya ligeuke ghafla kabla dereva hajatambua kosa, mpaka gari na tela vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Hapo mke, ambaye mwaka mzima ni mhasibu au mwalimu mkuu, hupandishwa cheo na kuwa utingo, yaani yule msaidizi wa lori anayesimama nyuma akipiga kelele za njoo, njoo, kata, simama; na wapiga kambi wa jirani, waliokwisha kuingia salama, huvuta viti vyao ili wasipitwe na onyesho ambalo bustani nzima haina mfano wake.

Sifa kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kwamba tela huianika kazi ambayo bustani huificha. Chini ya Magic Kingdom zimo njia pana za watumishi ambazo, kwa kuwa maji ya ardhini ya Florida yako karibu mno na uso wa nchi, zilijengwa usawa wa ardhi ya asili kisha zikafukiwa kwa udongo uliochimbwa ili kutengeneza ziwa lililo mbele ya bustani, hivyo mgeni hutembea juu ya ghorofa ya pili bila habari. Wabeba mizigo na wavaa mavazi ya wanasesere hupita humo wasionekane, na taka hufyonzwa kwa mabomba ya hewa mpaka mbali, ili pasiwepo mtoto atakayedhani kwamba peremende ina karatasi ya kutupwa. Katika tela la kukunja mambo yote yako hadharani. Maji ya kuoshea vyombo hushuka kwa mpira mfupi uliochomoza ubavuni, na mahali pasipo na bomba la kuyapokea huingia ndooni, na ndoo ikijaa hubebwa na mtu mwenye jina na ukoo. Kwa wale walio na choo cha kubebeka, ambacho tangi lake huchomolewa na kwenda kumwagwa mahali maalumu, mtoto hupata nafasi ya kumwona baba yake akivuka kambi alfajiri na tangi hilo mkononi, akiwaamkia majirani kwa adabu zote huku akitembea polepole kuliko kawaida yake. Ufalme wa ndoto humfundisha mtoto kwamba usafi hutokea wenyewe; tela humwonyesha anayeutokeza.

Ujirani nao hustawi kwa namna ambayo ukuta wa tofali haujawahi kuruhusu. Inasemwa kwamba kuta zina masikio, lakini kuta za turubai zina mdomo pia, na ifikapo saa nne za usiku kila aliye ndani ya meta kumi anajua nani anakoroma, nani amegoma kupiga mswaki na bei gani imelipwa kwa kofia yenye masikio ya panya. Kando ya tela wamepanga wenye magari makubwa ya kulala, marefu kama mabasi ya mikoani, yenye kuta ngumu na televisheni mbili, nao kwa huruma huuliza kama watu wa tela hawapati tabu. Lakini msafara wa taa unaopita majini juu ya Bay Lake tangu 1971, pamoja na fataki zinazorushwa juu ya kasri, huonekana kutoka ufukweni mwa kambi na wote kwa usawa, na tofauti pekee ni kwamba mwenye tela, kwa kuchoka kitanda chake, huwahi kufika na kupata nafasi ya mbele.

Mvua ndiyo inayokamilisha malezi haya. Kuanzia Juni hadi Septemba Florida ya kati hupata ngurumo na radi alasiri nyingi, kwa kuwa pepo kutoka Atlantiki na zile za upande wa ghuba hukutana juu ya rasi hiyo nyembamba na kuisukuma juu hewa yenye joto na unyevu. Turubai haimkingi mtu na radi, kwa hiyo kanuni ya usalama ni kukimbilia kwenye gari lililofungwa vioo au kwenye jengo la kudumu, na jengo la kudumu lililo karibu mara nyingi ni lile la mabafu na mashine za kufulia. Hapo chumba cha kufulia hugeuka baraza: wageni wa majimbo kumi hukaa juu ya vikapu vya nguo, hubadilishana biskuti zilizolowa na habari za foleni, na hupata marafiki ambao wenye kuta ngumu, walioketi peke yao mbele ya televisheni zao mbili, hawatawapata kamwe.

Wapo wanaolilaumu tela kwa udhaifu wake, na hutoa ushahidi wa hifadhi ya Yellowstone, ambako kambi ya Fishing Bridge hupokea vyombo vya kuta ngumu peke yake kwa sababu ya dubu wanaozurura huko. Hoja hiyo ina nguvu Yellowstone, lakini jirani na kasri imepata jibu lake, maana Septemba 2023 dubu mweusi alionekana juu ya mti ndani ya Magic Kingdom yenyewe, sehemu kadhaa za bustani zikafungwa mpaka maofisa wa wanyamapori walipomkamata na kumhamisha. Mnyama huyo, ambaye katika kesi hii ni shahidi asiye na upande, alipewa uhuru wa kuchagua kati ya msitu, turubai na ufalme, akachagua ufalme, bila tiketi.

Ukuu wa mwisho wa tela hujitokeza baada ya safari, wakati bustani imekwisha kumsahau mgeni wake. Turubai iliyokunjwa ikiwa mbichi huota kuvu baada ya siku chache, kwa hiyo familia iliyofunga kambi kwa haraka huku mvua ikinyesha hailazimiki tu kufika nyumbani, hulazimika pia kulifungua tela upya mbele ya nyumba yake, kunyanyua paa, kuvuta vitanda na kuacha jua lifanye kazi yake, machoni pa majirani waliokwisha kusikia kwamba likizo imemalizika. Mchanga wa Florida hudondoka kutoka kwenye mikunjo, soksi iliyotafutwa kwa siku nne huonekana chini ya godoro, na watoto, ambao huko kambini walilalamika usiku kucha, huomba kulala humo usiku mmoja zaidi. Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ni kweli kwamba tela la kukunja limetembezwa kwa aibu kubwa kutoka Indiana hadi Florida na kurudi. Lakini siku ya kulianika, mzazi anaposimama kwenye nyasi na mpini wa chuma mkononi akikataa katakata ombi la watoto, mara nyingi jua huzama turubai ikiwa bado haijakauka, na tela hushinda kesi yake bila wakili.